Kabichi chotara si GMO

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja. Taarifa yenu ya juzi kuhusu "kabichi za maabara" imenishinda kunyamazia. Mwandishi wako anawatisha watu kwamba watafiti wanaotaka kuipa kabichi kinga dhidi ya ugonjwa wa uozo mweusi, kwa kuichanganya na mboga nyingine ya ukoo wa haradali, wanatengeneza GMO, yaani mmea uliobadilishwa vinasaba maabara. Si kweli. Wanachukua chavua ya mmea mmoja na kuipaka kwenye ua la ndugu yake. Kwa kuwa ni spishi mbili, kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya mbegu, hufa mapema ndani ya tunda, kwa hiyo hutolewa kikiwa kichanga na kulelewa kwenye chupa yenye virutubisho hadi kiwe mche. Baada ya hapo ni kuzalisha tena na kabichi kizazi hadi kizazi, kuuambukiza kila uzao ugonjwa kwa makusudi, na kubaki na miche iliyohimili.

Na huyo ndugu ni loshuu! Loshuu yetu hii ya Arusha, ambayo Kenya huitwa kanzira, na asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia. Yenyewe ni chotara: haradali nyeusi yenye jozi 8 za kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) ilikutana na mmea wa ukoo wa kabichi wenye jozi 9, ikapatikana mboga yenye jozi 17. Mtaalamu Woo Jang-choon alishaeleza undugu huu mwaka 1935 akiwa Japani. Aina kadhaa za loshuu zimepimwa Marekani na India zikakutwa na kinga dhidi ya uozo mweusi, na Wahindi wameshaihamishia kwenye koliflawa. Bibi zetu wamekula mchanganyiko huo maisha yao yote.

Nieleze kwa nini nimekasirika. Masika ya mwaka jana kabichi zangu zilikuwa zinaanza kufunga. Yakatokea madoa ya njano pembeni mwa majani, yenye umbo la V, ncha ikielekea ndani, na mishipa ikawa myeusi. Nikaenda duka la pembejeo na jani mkononi. Muuzaji akanipa dawa ya ukungu. Nikapiga, hali ikazidi. Nikarudi, akanipa nyingine ya bei kubwa zaidi, nikapiga hiyo nayo. Uozo mweusi hauletwi na ukungu. Unaletwa na bakteria wanaokaa kwenye mbegu na kwenye mabaki ya mazao, wanaingilia kingo za jani, na wakishafika kwenye mishipa hakuna dawa ya kuwatoa. Hayo nilielezwa na bwana shamba wa kata nyingine wakati fedha imeshakwisha. Mchuuzi aliyeahidi kubeba shamba zima alipasua kabichi moja, akaona weusi ndani ya kikonyo, akaondoka bila kuaga. Loshuu niliyoipanda pembezoni, udongo uleule, mvua ileile, niliichuma ikiwa kijani mpaka mwisho. Halafu leo gazeti langu linaniambia niiogope kabichi itakayorithi kinga ya loshuu hiyo!

Sisemi kinga ni ya milele. Kule Alberta, Kanada, rapa, zao la mafuta lililo ndugu wa kabichi, lilipewa kinga dhidi ya ugonjwa wa uvimbe wa mizizi, na mwaka 2013 vikaonekana vimelea vinavyoishinda. Hayo ndiyo mngeuliza watafiti, badala ya kutisha watu.

Tena kuna jambo la mbegu. Kabichi haitoi maua bila baridi ya muda mrefu, kwa hiyo wengi wetu hatuwezi kujiwekea mbegu, lazima tununue. Nako madukani wanafungua kopo, wanapima kwa kifuniko cha soda, wanakufungia kwenye nailoni. Hakuna lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, hakuna tarehe, hakuna namba. Ugonjwa unaosafiri ndani ya mbegu unauzwa hivyo mchana kweupe, na sijaona mkiandika.

Ninachoomba ni hiki. Rekebisheni taarifa ile kwenye ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule. Na kila Februari, kabla ya masika, chapisheni picha ya rangi ya jani lenye uozo mweusi, nusu ukurasa, pamoja na maelezo haya: mbegu za kabichi zilowekwe kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25, zipozwe na kukaushwa, na shamba lililougua lisipandwe kabichi, sukuma wiki wala chainizi kwa miaka miwili au mitatu. Picha hiyo nitaikata niibandike kwenye mlango wa lile duka.

Mkulima wa mboga,
Arumeru