Vyuo viwape wanafunzi nafasi ya kurekodi bendi nzima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji, na hasa wakuu wa vyuo vinavyofundisha ufundi wa sauti, jambo nililolishuhudia mwezi uliopita. Mimi ni mpiga gitaa la rizimu katika bendi ya muziki wa dansi hapa Dar es Salaam, na kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka thelathini. Wanafunzi sita wa chuo kimoja walituomba tuingie nao studio kwa siku mbili ili warekodi nyimbo zetu tatu kama sehemu ya mafunzo yao. Tulikubali, tukaenda watu kumi na mmoja na vyombo vyetu vyote: magitaa matatu, besi, dramu, tumba, saksafoni, tarumbeta na waimbaji watatu.

Vijana hao walikuwa mwaka wao wa mwisho wa masomo, lakini ni mmoja tu kati yao aliyewahi kurekodi zaidi ya watu wawili kwa wakati mmoja. Siwalaumu. Studio nyingi za mjini siku hizi zimejengwa kwa ajili ya prodyuza, kompyuta yake na chumba kidogo cha mwimbaji mmoja. Biti hutengenezwa kwanza, kisha msanii huja kuweka sauti juu yake, na nyimbo nyingi nzuri zimetoka katika vyumba hivyo. Bendi haiendi hivyo. Mpiga tumba anautazama mkono wa mpiga dramu, mimi nautazama mguu wa mpiga besi, na mwimbaji akivuta pumzi ndefu kuliko kawaida wote tunajua kwamba anataka kurudia ubeti. Fundi asiyewahi kukaa mbele ya watu wanaopiga kwa namna hiyo hawezi kufundishwa jambo hilo kwa maneno.

Asubuhi ya kwanza ilikwisha bila kurekodiwa hata wimbo mmoja, na hapo ndipo nilipoanza kuwaheshimu. Dramu waliziweka kwenye kona wakazizungushia magodoro waliyoyaazima bwenini; amplifaya za magitaa wakazipeleka stoo na kwenye korido ili sauti zake zisiingie kwenye maikrofoni za wengine, nasi wapigaji tukabaki chumba kimoja, tukionana usoni na kusikilizana kwa hedifoni. Kilichowasumbua zaidi ni tumba. Waliziwekea maikrofoni mbili, moja kwa kila ngoma, na kila maikrofoni ikisikilizwa peke yake ilitoa sauti nene ya kupendeza, lakini zilipofunguliwa kwa pamoja ule unene ulitoweka, ukasikia kama mtu anagonga debe tupu. Binti mmoja alipiga magoti mbele ya tumba, akainamisha sikio mpaka pale maikrofoni ilipo, akamwomba mzee wetu apige taratibu, akasogea kidogo, akasikiliza tena. Nilipomuuliza anatafuta nini, alinieleza kwa adabu kwamba sauti ya ngoma moja inazifikia maikrofoni zote mbili, ila kwa nyakati tofauti, kwa kuwa sauti husafiri kama sentimita 34 tu katika sehemu moja ya elfu ya sekunde, na mawimbi yakifika yamepishana namna hiyo yanaweza kufutana. Aliisogeza maikrofoni ya pili kiasi cha upana wa kiganja, na unene wa tumba ukarudi. Mzee wetu, ambaye hana desturi ya kusifu watu, alimwambia, "Una sikio la ngoma, mwanangu."

Wazee waliotufundisha kazi walikuwa wakituhadithia jinsi bendi zilivyorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, enzi ambazo NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, na baadaye Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, zilikuwa zikiingia studio zikiwa zimekamilika. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja, sauti zikaingia kwenye mkanda, na mtu akikosea wimbo ulianza upya. Nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri, kwa hiyo bendi iliyotaka santuri ilitegemea Nairobi. Mafundi mitambo wa redio wa wakati ule walijua muziki wa dansi kwa sababu waliurekodi wiki baada ya wiki, na kazi yao ndiyo inayosikika hadi leo kila vipindi vya zilipendwa vinapopigwa. Ninachojiuliza ni nani atakayekuwa na ujuzi ule miaka ishirini ijayo, wakati wengi wa wapigaji tulionao wamekwisha kuvuka miaka sitini.

Mchana wa siku ile wanafunzi waliomba mpiga dramu afuate mlio wa kuhesabu kwenye hedifoni, kama walivyofundishwa darasani, ili baadaye waweze kukata kipande kizuri cha mara ya kwanza na kukiunganisha na kipande kizuri cha mara ya tatu. Tulijaribu mara mbili. Wimbo ulikuwa sahihi lakini umepoa, maana nyimbo zetu zina sehemu ya mashairi inayokwenda pole pole, kisha linakuja sebene, ambamo magitaa yanashikana na kasi inapanda bila mtu yeyote kuamuru. Wanafunzi wenyewe ndio walioliona hilo. Walitoka nje, wakajadiliana kwa muda, wakarudi na kusema kwamba watauzima ule mlio, na kwamba kila wimbo utapigwa mwanzo hadi mwisho pasipo kukatwa. Jioni mmoja wao alinionyesha kwenye kompyuta kwamba tulianza na mapigo 108 kwa dakika tukamaliza na 114, akataka kujua kama tulikuwa tumepanga. Hatukupanga, wala sikuwahi kujua kwamba jambo hilo linapimika.

Lilitokea kosa pia, nami nalitaja kwa sababu ya lile lililofuata. Mara ya nne ya wimbo wa pili ilikuwa nzuri kuliko zote. Tulipomaliza, waimbaji walikumbatiana. Kijana aliyekuwa kwenye mitambo alitoka chumbani kwake, akasimama mbele yetu sote, akasema, "Wazee wangu, saksafoni haikuingia. Nilisahau kuifungulia njia yake. Kosa ni langu." Chumba kizima kilinyamaza. Mpiga saksafoni wetu ana miaka 67, na alikuwa amelitoa pumzi lake lote katika wimbo ule. Alifuta mdomo wa chombo chake kwa leso, akamwambia kijana akae, anywe maji, tutapiga tena. Kuanzia hapo, kabla ya kila wimbo, mwanafunzi mmoja alisimama na karatasi akitaja chombo kimoja kimoja, na mwenzake kwenye mitambo akiitikia kwamba amekiona kinaingia. Nadhani kijana yule hatasahau tena maishani mwake, na somo hilo amelipata akiwa mwanafunzi, si siku ambayo mtu amelipa fedha zake.

Kuna karatasi nyingine iliyonigusa zaidi. Mwishoni mwa siku ya pili walikuja na fomu waliyoiandika wenyewe, yenye jina la kila mpigaji, chombo alichopiga, mtunzi wa kila wimbo na tarehe, na chini yake makubaliano kwamba rekodi hizo ni za mafunzo na haziwezi kuuzwa bila ridhaa yetu. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, lakini sheria humsaidia mtu ambaye jina lake limeandikwa mahali. Nimepiga gitaa katika rekodi ambazo leo sina namna ya kuthibitisha kuwa nilikuwemo, kwa sababu kilichoandikwa ni jina la bendi na la mwimbaji peke yake. Katika miaka yangu yote, hii ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa jina langu linavyoandikwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa vyuo ni hili: mwanafunzi wa ufundi wa sauti asipewe cheti kabla hajarekodi bendi kamili, iwe ya dansi, ya taarabu au kikundi cha ngoma za asili, katika chumba kimoja na kwa wakati mmoja, na kazi hiyo ihesabiwe kwenye mtihani wake. Najua jambo hili lina gharama. Sisi tulipewa chakula tu, tukajilipia nauli na kukodi gari la kubeba vyombo, na bendi nyingi haziwezi kufanya hivyo mara mbili. Chuo kinachotoza ada hakishindwi kutenga fungu la usafiri na posho ndogo kwa wapigaji. Kwa upande wetu, nawasihi viongozi wa bendi wenzangu wasiwafukuze vijana wanaokuja mazoezini na maikrofoni zao. Wanauliza maswali mengi, na baadhi ya maswali hayo yamenifanya nilisikilize gitaa langu upya.

Wimbo wetu wa tatu haukumalizika, kwa kuwa mwimbaji wetu mkubwa alikaukiwa na sauti siku ya pili ilipofika jioni. Tumekubaliana na wanafunzi kuurudia mwezi ujao, Jumamosi ya pili, kuanzia saa tatu asubuhi, na safari hii chuo chao kimeahidi kulipia gari la vyombo. Walimu wa vyuo vingine wanaotaka kuja kutazama wanakaribishwa. Wawasiliane nami kupitia kwako, Mhariri.

Wako katika muziki,
Mpiga gitaa la rizimu,
Temeke, Dar es Salaam