Shimo la Darvaza lisizimwe kwa mchanga

Mhariri,

Kila habari ya shimo la moto la Darvaza inapochapishwa, hakosi msomaji wa kuuliza: kwa nini Turkmenistan wasipeleke magreda wakalifukia, mambo yakaisha? Swali ni la haki. Gurbanguly Berdimuhamedow, akiwa rais, aliagiza hatua zichukuliwe mwaka 2010, akaagiza tena Januari 2022 moto uzimwe, na bado unawaka. Ila kulifukia kungeleta madhara makubwa kuliko moto wenyewe.

Shimo liko katika jangwa la Karakum, kilomita 260 hivi kaskazini mwa Ashgabat, mji mkuu wa Turkmenistan. Upana wake ni kama mita 70 na kina chake mita 30. Simulizi iliyozoeleka ni kwamba mwaka 1971 ardhi ilididimia chini ya mtambo wa Wasovieti wa kuchimba gesi, wakaiwasha gesi wakidhani itaisha baada ya siku chache. Wapo wanajiolojia wa huko wanaosema lilididimia miaka ya 1960 na kuwashwa miaka ya 1980. Vyovyote iwavyo, gesi hupenya kwenye udongo kupitia matundu yasiyohesabika, chini na kwenye kuta. Mwaka 2013 George Kourounis, msafiri mpelelezi wa Kanada, alishuka hadi chini akiwa na vazi la kuzuia joto na hewa yake ya kupumua, achukue sampuli za udongo. Kila alipochimba kidogo, moto ulichomoza kwenye kitundu hichohicho alichokichimba.

Sasa mwaga mchanga hapo. Mchanga hupitisha gesi. Moto utakufa kwa kukosa hewa, lakini gesi itaendelea kupanda, au itafuata nyufa na kutokea pembeni, pengine mahali ambapo watu wamepiga kambi. Ni sawa na kuacha jiko la gesi wazi bila kuliwasha. Na hesabu yake ni mbaya: tani moja ya methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, ikiungua yote hutoa tani 2.75 za kaboni dioksidi. Tani hiyohiyo ikitoroka bila kuungua, hupasha dunia joto kama tani 28 hivi za kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100, na zaidi ya tani 80 kwa kipimo cha miaka 20. Turkmenistan wanalijua tatizo hili, kwani setilaiti zimeonyesha mienge ya kuchomea gesi huko ikiwa imezimika huku ikiendelea kutema methani.

Wengine hutoa mfano wa Urtabulak, Uzbekistan, ambako Septemba 1966 Wasovieti walizima kisima kilichowaka karibu miaka mitatu kwa bomu la nyuklia la kilotani 30, lililolipuliwa mita 1,500 hivi chini ya ardhi. Pale palikuwa na kisima kimoja cha kubanwa. Darvaza hakuna bomba la kubana.

Njia inayofaa ni ya polepole: kuchimba visima kuzunguka shimo, nje ya eneo linaloweza kudidimia, vifike kwenye tabaka linalolisha moto na kuivuta gesi kabla haijafika shimoni. Mgandamizo ukishuka, miale hufifia yenyewe. Ndivyo wanavyofanya, na mwaka 2025 maofisa wa huko walisema moto umepungua mara tatu. Miali ya mwisho isizimwe kwa haraka. Iachwe iteketeze gesi inayobaki hadi vipimo vionyeshe kwamba hakuna tena cha kuungua. Hata hapo, vipimo vya methani viendelee kuchukuliwa pembezoni.

Anayetaka kuuona basi asikawie, na aende kwa tahadhari. Miezi mizuri ni Aprili na Mei, au Septemba na Oktoba. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, na usiku wa baridi kali maji huganda. Chukua gari la magurudumu manne yanayovuta, maana kipande cha mwisho ni mchanga mtupu, na maji lita tano kwa kila mtu kwa siku. Uzio uliowekwa mwaka 2018 usiuvuke hata kwa picha. Ukingo umekaushwa na joto ukapasuka, na sehemu nyingine umelika kwa chini, hivyo panapoonekana pagumu huenda pananing'inia. Simama upande upepo unakotoka, na ukigeuka nawe hama mara moja.

Waongoza watalii nao waanze kupanga ratiba isiyotegemea miale pekee. Karibu na hapo kuna mashimo mengine mawili ya aina hiyo, moja la maji na jingine la tope, na ukiendelea kaskazini unafika Konye-Urgench, magofu yaliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2005. Kwenye shimo la maji, mapovu yanayopanda ni gesi ileile: asiwepo wa kuvuta sigara ukingoni.

Msomaji wenu,
Mtwara