Hofu na mashaka ni kwako

Sahibu yangu,

Unakumbuka tulivyofundishwa kuanza barua shuleni? "Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Tuliyakariri maneno hayo kama wimbo, na wala hatukuwa na hofu na mtu yeyote. Leo nayaandika na kila neno nalimaanisha. Ujumbe wako wa saa tisa usiku nimeusoma mara nne. Umeandika, "Siumwi, nimechoka tu," kisha mstari wa chini yake ukauliza, "Hivi mtu anajuaje kama ni ugonjwa au ni maisha?" Mtu aliyechoka tu, saa tisa usiku anakoroma.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu utaniambia "nzuri" kabla sijamaliza kuuliza habari. Ndivyo tulivyo. Hata mwenye msiba huanza na "nzuri tu, ila..." na wengi wetu hatufiki kwenye hiyo "ila".

Nianze na langu, maana hukuwahi kulisikia lote. Ule mwaka niliokuwa nakwambia niko bize, asubuhi moja nilikaa ukingoni mwa kitanda nikavaa soksi ya mguu wa kulia. Ya kushoto nikabaki nayo mkononi. Nilipokuja kutazama saa, dakika arobaini zilikuwa zimepita na soksi bado iko mkononi. Silii, siwazi jambo lolote la maana, naitazama tu kama mtu aliyeambiwa abebe gunia. Baadaye nikaivaa, nikaenda kazini, nikacheka na watu, nikarudi. Kutoka siku ile hadi nilipofika kwa daktari ilipita miezi minane, na sababu ya kuchelewa ni ya kijinga: nilidhani mgonjwa wa akili ni yule anayeokota makopo. Mimi shati langu lilikuwa limepigwa pasi.

Picha hiyo ndiyo iliyotuponza wengi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 970 walikuwa wanaishi na tatizo la afya ya akili, yaani mmoja katika kila wanane. Waliokuwa na maradhi ya wasiwasi walikuwa milioni 301, wenye sonona milioni 280. Skizofrenia, ile ambayo mtu husikia sauti zisizokuwepo au kushikilia imani isiyoingiliana na hali halisi, ilikuwa na watu wapatao milioni 24. Kwa hiyo tumejichorea ugonjwa kwa sura ya wachache, halafu walio wengi wakijitazama kwenye kioo hawajioni.

Sonona jina lake linatokana na kusononeka, na hapo ndipo linapodanganya kidogo, maana wapo wasiosononeka hata chembe. Wanakauka. Mimi nilikauka. Muziki niliokuwa naupenda ukawa kelele, simu zenu zikawa deni. Madaktari huangalia mambo tisa: huzuni ya kutwa nzima, kuishiwa hamu ya vitu ulivyovipenda, usingizi kupaa au kuzidi, chakula kutopita au kula bila kipimo, mwili kuwa mzito au kutotulia, uchovu usioondoka kwa kulala, kujiona hufai au mwenye hatia ya kila kitu, akili kushindwa kutulia mahali pamoja, na mawazo ya kifo. Yakifika matano, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na mojawapo ni huzuni hiyo au kule kuishiwa hamu, basi hiyo ni sonona na inastahili tiba. Wengine mwili ndio unaotangulia kusema: kichwa, mgongo, tumbo. Hao huzunguka maabara mwaka mzima wakitafuta mdudu.

Huzuni ya kufiwa ni kitu kingine, ingawa zinafanana uso. Aliyefiwa hulia, halafu mtu akimkumbushia vituko vya marehemu anacheka, kisha analia tena. Inakuja na kuondoka kama mawimbi, na anachokililia anakijua. Kwenye sonona maji yametulia tu, machafu, na mtu hajiulizi "kwa nini ameniacha" bali "mimi nina faida gani." Lakini kufiwa nako kunaweza kuzaa sonona, kwa hiyo asije mtu akakwambia una haki ya kuumia bila kikomo kwa sababu tu chanzo kinajulikana.

Sasa lako. Mwezi jana ulinisimulia jinsi moyo ulivyokwenda mbio ukiwa kwenye foleni, vidole vikafa ganzi, kifua kikabana, ukaamini unakufa mbele za watu. Ulifanya vizuri kwenda hospitali kwanza, maana kifua kikibana moyo lazima upimwe. Vipimo vikatoka safi, ukaambiwa huna tatizo. Hapo waliishia njiani. Huna tatizo la moyo, basi.

Ulichosimulia kinafanana sana na shambulio la hofu. Mwili umejiandaa kukimbia chui ambaye hayupo. Unapumua harakaharaka, hewa chafu unayotakiwa kubaki nayo kidogo inatoka kupita kiasi, na upungufu huo ndio unaoleta ganzi ya vidole na kizunguzungu. Ukihisi ganzi unaogopa zaidi, ukiogopa unapumua zaidi. Kwa kawaida linafika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha linashuka lenyewe. Linatisha vibaya, ila lenyewe haliui.

Kinachonitia wasiwasi kuliko shambulio lenyewe ni sentensi uliyoitupia mwishoni: "Siku hizi foleni namtuma mtu." Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, hilo halina lawama. Tatizo ni kwamba kila ukikwepa unapata nafuu, na ile nafuu inaufundisha ubongo kwamba kweli pale palikuwa na nyoka. Leo foleni, kesho basi lenye watu, keshokutwa unaomba ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani. Mtu anaweza kuishia chumbani bila kukumbuka ni siku gani aliamua kutotoka. Ndiyo maana tiba ya hofu, ukiipata kwa anayeijua, hukurudisha kwenye foleni ile ile polepole, hatua kwa hatua, badala ya kukufundisha njia nzuri zaidi ya kuikwepa.

Kuna na wasiwasi wa aina nyingine usio na kilele. Huo haukukabi koo, unakusindikiza tu. Kazi, watoto, afya, mlango niliufunga? Misuli ya shingo imekaza, usingizi mwepesi, hasira karibu. Ukidumu miezi sita, siku nyingi zaidi kuliko zile za utulivu, na huwezi kuuzima, huo nao una jina hospitalini na una tiba. Tumezoea kusema "fulani ana mawazo," kana kwamba ni tabia aliyozaliwa nayo.

Mengine nitayapita haraka, maana sidhani ni yako. Kiwewe kinachobaki baada ya ajali, kipigo au kubakwa: jambo limepita ila linarudi kwenye ndoto na kwenye sauti ya mlango, zaidi ya mwezi. Wasiwasi wa kurudiarudia, mtu ananawa mikono hadi ngozi inachubuka na anajua fika kwamba ni safi. Sonona ya mama baada ya kujifungua, ambayo watu huiita uvivu au deko. Machozi ya siku za mwanzo huisha ndani ya wiki mbili hivi, yasipoisha apelekwe. Na baipola, ugonjwa wa mtu kupanda juu kupita kiasi kisha kuzama chini kwenye sonona, ambayo naomba uniangalie machoni hapa: umewahi kuwa na siku nne, tano, wiki, unalala kwa muda wa saa mbili tu na hujachoka, maneno yanakimbizana, unatumia pesa hovyo, unajiona hakuna wa kukushinda? Kama ndiyo, mwambie daktari hata asipouliza. Dawa za sonona zikitolewa peke yake kwa mwenye baipola zinaweza kumrusha juu kabisa, na wagonjwa wengi huenda hospitali wakiwa chini tu, wakiwa juu nani aende?

Umeuliza mtu anajuaje. Mimi sasa natazama vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohusu sababu. Limekaa muda gani? Limezama kiasi gani? Na limekunyang'anya nini? Hili la tatu ndilo ninaloliamini zaidi. Wewe limekunyang'anya usingizi, foleni, na sauti yako ya kuimba bafuni ambayo majirani walikuwa wanailalamikia. Hiyo inatosha kwenda. Huhitaji kuanguka kwanza ili uwe na haki ya kupanga mstari. Mtu hangoji jino ling'oke lenyewe.

Yapo yasiyongoja hata kesho. Mtu akianza kusikia sauti zinazomwamuru, akikaa siku kadhaa bila kulala huku akizidi kuchangamka, akiacha kula na kunywa, au akiwaza kujiua, huyo anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo na haachwi peke yake. Nakuuliza waziwazi, bila kuzunguka: umewahi kuwaza kujiua? Watu huogopa kuuliza wakidhani watampa mtu wazo. Hawampi. Wazo kama lipo lilikuwepo, na kuulizwa mara nyingi kunamtua mtu mzigo. Kila mwaka dunia inapoteza watu zaidi ya 700,000 kwa njia hiyo, na wengi nyumbani kwao walikuwa wakijibu "nzuri". Kama jibu ni ndiyo, dawa zote zilizorundikana ndani mkabidhi mtu leo, na chochote kingine unachokiwazia kiondoke karibu yako, kisha nipigie hata kabla hujamaliza kusoma.

Kama jibu ni hapana, bado twende. Usiogope kitakachokuwamo chumbani kwa daktari. Mara nyingi ni maswali. Kuna fomu fupi ya maswali tisa, kila moja unajipa kuanzia 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa ni 27; ukifika 10 daktari hukaza macho. Nayo haitoi hukumu, inafungua mazungumzo tu. Atakutoa damu pia, kwa sababu tezi ya shingo ikilegea au damu ikipungua, mtu anaweza kuonekana ana sonona kumbe ana hilo. Kisha kuna tiba ya mazungumzo. Ile inayotumika sana ilianzia kwa Aaron Beck huko Marekani miaka ya 1960, na msingi wake ni kuyakamata mawazo yanayojipitia yenyewe, "mimi si kitu", na kuyadai ushahidi. Wala si lazima umkute msomi wa shahada tatu. Zimbabwe wamewafundisha akina bibi kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kutatua nao tatizo moja baada ya jingine. Watafiti wakawapima, na utafiti uliochapishwa 2016 ukaonyesha wagonjwa wao walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Wenyewe kwa Kishona hali hiyo wanaiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Nilipolisikia neno hilo nilijua wananizungumzia mimi.

Dawa, ukipewa, zina subira yake. Za sonona huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuonekana, wakati mwingine zaidi, na kichefuchefu hutangulia kabla ya nafuu, jambo ambalo kwangu lilikuwa uonevu mtupu. Ukipona unaendelea nazo miezi sita au zaidi, na huziachi ghafla. Vidonge vya kutuliza haraka na vya usingizi ndivyo vya kuviangalia, maana hivyo huzoeleka. Kuhusu dua, endelea nayo. Sijaona dua iliyogombana na kidonge. Nimeona watu tu.

Mimi daktari wa kwanza alinipa vitamini akaniambia nipumzike. Nilistahili lawama nusu, kwani nilifika nikasahau yote nikasema "kichwa kinauma." Wa pili aliniuliza lini mara ya mwisho nilifurahia kitu. Nikafikiri, nikafikiri, akasubiri bila kutazama saa. Kwa hiyo wewe andika kabisa kwenye karatasi: unalala saa ngapi, umeacha nini, tangu lini, dawa na pombe unazotumia, na kama nyumbani kwenu kuna aliyewahi kuugua. Ukishindwa kusema, mpe karatasi asome. Akikupa vitamini, tutatafuta mwingine.

Nitakusindikiza. Nitakaa nje kwenye benchi na sitauliza mliongea nini. Nitumie siku mbili zinazokufaa wiki ijayo niombe ruhusa kazini. Na ukiamka tena saa tisa usiku, usiandike. Piga.

Wako yule yule,
mwenye soksi moja