Mama mkwe anaongeza chumvi kwenye sufuria yangu, nimwambieje?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 37, naishi Tabata, Dar es Salaam, na mume wangu, watoto wetu watatu na mama mkwe, aliyehamia kwetu kutoka Bukoba mwaka juzi baada ya baba mkwe kufariki. Jambo lenyewe ni la jikoni, na wengine wataliona dogo. Kwangu mimi limefika mahali silali vizuri.

Mimi nimezaliwa Pangani. Kwetu chakula kilipakuliwa kwenye sinia, tukakaa mkekani wakubwa kwa wadogo, na hakuna aliyepikiwa chake peke yake. Nilipoolewa nikasema na kwangu itakuwa vivyo hivyo, na kwa miaka kumi na minne ikawa.

Mwezi wa tatu mwaka huu mume wangu alishikwa na kizunguzungu kazini. Alipopimwa, presha ilikuwa 168 kwa 104. Akapewa dawa, na siku ya kurudi kliniki nikaitwa na mimi. Muuguzi aliniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa: pakiti ya chumvi ya nusu kilo inakaa siku ngapi nyumbani kwako? Nikafikiri, nikamwambia kama siku kumi. Akachukua kalamu. Gramu 500, siku kumi, walaji watano, maana kitinda mimba alikuwa bado ananyonya tu. Ikaja gramu 10 kwa kila mtu kwa siku. Akasema Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe hata gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo chumvi ya mkate, ya samaki wa ng'onda na ya vile vidonge vya supu tunavyovivunjia kwenye mchuzi. Halafu akaniuliza: na magadi je? Shangazi, mimi maharage na kisamvu nilikuwa siviivishi bila magadi. Kumbe nayo yana sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi na inayopandisha presha.

Nilirudi nyumbani na hofu, na hofu ikanifanya nikosee. Nikaanza kupika sufuria nne. Ya mume wangu isiyo na chumvi kabisa. Ya mama, kwa sababu yeye ana sukari na tui la nazi humkinaisha. Ya watoto wakubwa, wali na vya kukaanga. Na kitinda mimba alipotimiza miezi sita, sufuria yake ndogo ya uji na viazi vya kuponda. Mtungi wa gesi wa kilo 15 uliokuwa unakaa miezi miwili ukawa unaisha kwa mwezi mmoja. Lililoniumiza zaidi ni kumwona baba wa watoto anakula peke yake pembeni na sahani yake ya mgonjwa, huku watoto wakimtazama. Haikupita muda akawa anarudi kutoka kazini ameshiba. Siku moja nikakuta mfuko wa chipsi mayai kwenye gari lake. Sikumgombeza. Mtu ukimpikia chakula kisicholika, atatafuta kinacholika.

Ndipo nikaamua turudi kwenye sufuria moja, ila sufuria yenyewe ndiyo ibadilike, tena polepole, ulimi usishtuke. Kila wiki nikapunguza chumvi kidogo tu. Vidonge vya supu nikaviacha, nikarudi kwenye mambo ya mama yangu: kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa pamoja, bizari nzima iliyokaangwa kavu, pilipili manga, ndimu mwishoni sufuria ikishaepuliwa. Ukali wa ndimu na ukwaju unaziba pengo la chumvi kuliko nilivyodhani. Samaki wa kupaka, kwa mfano, ukimchoma vizuri kwanza, ukampaka tui zito lililokolea ukwaju na pilipili, hata robo kijiko cha chumvi kwa samaki mzima inatosha. Maharage nayaloweka usiku kucha, namwaga yale maji, nayachemsha na kitunguu, na magadi siyagusi. Kisamvu nakitwanga hasa na kukichemsha muda mrefu, kinalainika chenyewe. Unga nikahama kutoka sembe kwenda dona. Wiki mbili za kwanza mkubwa wangu wa miaka 13 alinuna, sasa hataki tena sembe.

Chumvi naitia mwisho kabisa, na sababu ni mtoto. Nachota kwanza cha kitinda mimba, maana hajafika mwaka na hatakiwi kutiliwa chumvi, nampondea kwa upawa, halafu ndiyo natia ya wengine.

Na kuna siku moja sitaisahau. Nilikwenda Mabibo, pale soko la Mahakama ya Ndizi, nikanunua mkungu mdogo wa ndizi za Bukoba, nikamkabidhi mama. Akamenya mwenyewe, huku mikono yake ameipaka mafuta utomvu usigande. Akaweka maharage yaliyoiva nusu chini, ndizi juu, nyanya chungu, vitunguu na nyanya, akafunika kwa jani la mgomba alilolipitisha motoni, kisha mfuniko. Mimi nikaomba ruhusa nitie tui la pili, lile jepesi. Akakubali. Wa kati, huyu wa miaka 8 anayechambua kila jani la mchicha na kulipanga ukingoni mwa sahani, siku hiyo alikula nyanya chungu na akaomba aongezwe. Mume wangu alikaa mkekani na sisi. Mama alikula kiasi chake, kama alivyoelekezwa kliniki, akaridhika. Sinia lilirudi jikoni jeupe.

Mwezi wa saba presha ya mume wangu ilisoma 142 kwa 90.

Sasa sikiliza kilichotokea. Tangu siku ile ya muuguzi, kila pakiti ya chumvi nikiifungua naiandikia tarehe kwa kalamu. Tulikuwa tumefika mahali nusu kilo inakaa siku 22, tena walaji wakiwa walewale. Mwezi wa nane pakiti ikaisha kwa siku 13. Nikadhani nimekosea kuandika. Ya pili ikaisha kwa siku 12. Na mwezi huohuo mume wangu akaanza kunisifia: "Siku hizi chakula chako kimerudi." Nilifurahi, Shangazi. Nikajua ulimi wake umeshazoea.

Jumamosi moja nilitoka uani kuanua nguo, nikarudi kimya kwa kuwa mtoto alikuwa amelala mgongoni. Mama mkwe alikuwa amesimama jikoni, amefunua sufuria ya mchicha na dagaa, anatia chumvi kwa vidole, anakoroga, anaonja, anaongeza. Hakuniona. Nikarudi nyuma hadi uani, nikakaa juu ya ndoo. Mchana ule mume wangu akasifia mchicha.

Kliniki ya mwezi huu presha ilisoma 158 kwa 98. Najua chumvi si sababu pekee, na kuna siku mbili tatu dawa zilimpita. Lakini moyo wangu unaujua ule mkono uliokuwa juu ya sufuria.

Naomba usinielewe vibaya. Huyu mama ananipenda. Nilipojifungua kitinda mimba alinikanda na kunipikia uji wa ulezi kwa siku arobaini. Hatii chumvi kwa ubaya. Ameshaniambia mara mbili kwamba mwanawe amekonda, na kwamba mwanamume anayetoka kazini hapewi chakula cha maji. Alikuwa na jiko lake, shamba lake la migomba na mume wake. Leo yuko kwenye jiko la mtu mwingine, mji usio wake, na pengine kukoleza chungu ndiyo kazi pekee aliyobaki nayo. Nikimwambia "Mama, nimekuona", nitakuwa nimemvua nguo mbele yangu. Atanyamaza, nami nafahamu akinyamaza hatagusa tena hata mwiko. Na nisiposema, mume wangu ndiye anayelipa.

Nimewaza kumwambia mume, lakini nitamweka kati ya mkewe na mama yake, tena atajua kwamba chakula alichokisifia kilikuwa cha mama, si changu. Hilo nalo linaniuma, sitakuficha. Nimewaza kuificha chumvi chumbani, nikaona aibu. Mtu mzima afungue kabati akose chumvi ndani ya nyumba ya mwanawe? Nimewaza pia kumwomba aende yeye kliniki na mwanawe safari ijayo badala yangu, aulizwe yeye lile swali la pakiti, alisikie kwa mtu wa afya. Ila naogopa asije akaona nimemtega.

Wazo ninaloliegemea ni hili: nimkabidhi kukoleza kote. Nimwambie, "Mama, mimi nipike, wewe ndiye mwenye kuonja na kumaliza," halafu nimpe kijiko kidogo cha siku, nimweleze kwamba ndicho kipimo cha nyumba nzima, yeye mwenyewe akiwemo kwa ajili ya afya yake, na ndimu na ukwaju viwe mkononi mwake. Dada yangu ananiambia nitakuwa nimemkabidhi fisi bucha. Mimi siamini hivyo, lakini sina uhakika.

Na kama wewe au wasomaji mnajua namna ya kuikoleza mboga ya majani ikolee kweli bila chumvi nyingi, niambieni. Samaki nimemweza, maharage nimeyaweza. Mchicha na matembele ndivyo vinavyonishinda, na ndivyo wa kati anavyovikataa. Nazi kila siku mama hawezi, karanga nimejaribu mara moja akazipenda, ila sijui kama kwa mtu wa presha na mtu wa sukari zinafaa kila mara.

Kliniki ni tarehe 14 mwezi ujao. Nataka tuwe tumeshazungumza kabla ya siku hiyo. Nianze na yeye, au nianze na mwanawe?

Mama wa watatu,
Tabata, Dar es Salaam