Kwa mwanangu, baba mtarajiwa

Mwanangu mpenzi,

Picha za kitanda cha mtoto nimezipata. Umechagua vizuri, na nguo nazo zimenifurahisha, ingawa zitambana ndani ya wiki chache tu. Lakini yapo maandalizi ambayo hayapigwi picha, na hayo ndiyo yanayonikosesha usingizi kwa ajili ya mkeo. Naomba uyasome taratibu.

Nenda naye kliniki. Usimfikishe mlangoni ukabaki nje na simu. Ingia, kaa, sikiliza, uliza. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonane na wahudumu walau mara 8, mara ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo. Kila mkienda, hakikisheni amepimwa presha na mkojo. Kifafa cha mimba hutanguliwa na presha kupanda, kwa kawaida baada ya wiki ya 20, na mama anaweza kuwa na presha ya juu huku akijisikia mzima kabisa. Vidonge vya kuongeza damu vikimletea kichefuchefu au kumfunga choo, asiache kimyakimya. Amweleze mkunga, atamwelekeza namna ya kuvimeza.

Sasa haya yajue kama unavyolijua jina lako. Damu ikimtoka, iwe nyingi au kidogo. Kichwa kikimuuma sana na hakitulii, macho yakiona ukungu au vimulimuli, uso na mikono vikivimba ghafla, maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu. Homa. Degedege. Chupa kupasuka kabla ya wakati. Mtoto aliyekuwa akicheza tumboni kupunguza kucheza. Lolote kati ya hayo likitokea mnaondoka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, hata kama mlikuwa kliniki jana.

Na atakwambia, “Ngoja kwanza, labda itapita.” Namfahamu mkeo, hapendi kusumbua watu. Usingoje, baba. Wanaochunguza vifo vya wajawazito wameona kuwa muda hupotea sehemu tatu: nyumbani watu wakijadiliana, njiani, na hospitalini kabla huduma haijaanza. Hiyo ya tatu haimo sana mikononi mwako. Mbili za kwanza ni zako, na zinamalizwa leo, mkiwa mmetulia, si siku ambayo anaugulia sakafuni. Kubalianeni mtaenda hospitali gani. Gari la nani litawapeleka usiku, na la nani lile likikosekana. Pesa zikae mahali ambapo nyote wawili mnaweza kuzifikia. Wewe ukiwa safarini nani ataamua? Mtu huyo aambiwe waziwazi kwamba hahitaji kusubiri ruhusa yako.

Ulizeni pia kundi lake la damu. Likiwa Rh hasi, yaani lenye alama ya kutoa kama O-, waganga wajue mapema, kwa kuwa ipo sindano anayoweza kuhitaji katika ujauzito na nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Kisha tafuta watu walio tayari kuchangia damu, uzungumze nao ana kwa ana. Mdogo wako alipozaliwa nilitokwa na damu nyingi mno. Baba yako alikwisha kupanga na ndugu zake tangu tumbo likiwa dogo. Walipopigiwa simu hawakuuliza swali, walikuja. Hatari hiyo huwa kubwa zaidi ndani ya saa 24 za kwanza, kwa hiyo mtoto akishalia usidhani kazi imekwisha ukatoka kwenda kutangaza habari. Kaa karibu naye. Hata presha inaweza kupanda baada ya kujifungua.

Mtoto awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa ya kwanza. Maziwa yale ya mwanzo, mazito ya njano, ni yake yote, yasikamuliwe na kumwagwa. Kuoga kunaweza kungoja saa 24. Na ile mito ya rangi niliyoiona kitandani iondoe: mtoto alazwe chali, kwenye godoro lisilobonyea, pasipo mto wala midoli.

Atanyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Hapo mkeo hatakuwa na nguvu ya kitu kingine, kwa hiyo kupika, kufua na kuwaaga wageni wanaokaa mno ni kwako. Usiseme unamsaidia, ni nyumba yako na mtoto wako. Akilia lia siku za mwanzo, mkumbatie, huwa inapita. Huzuni ikizidi wiki mbili, au akisema mtoto angekuwa heri bila yeye, mpeleke kwa daktari siku hiyo. Usimwambie ajikaze, wala usimruhusu mtu yeyote wa ukoo wetu kumwambia hivyo, hata mimi.

Kundi la damu likijulikana niandikie. Na muulize kama angependa nije kabla hajajifungua, baada ya hapo, au nisubiri hadi aniite. Nataka jibu lake mwenyewe, usinijibie wewe.

Nawapenda wote watatu.

Mama yako