Dunkirk: Medway Queen nayo ilikuwapo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Dunkirk, mji wa pwani ya Ufaransa ambako askari wa Uingereza na washirika wao waliozingirwa na Wajerumani waliokolewa kwa meli mwaka 1940, niliisoma yote, nikabaki na dukuduku. Mmetaja manowari na mashua za wavuvi. Meli za mvuke za abiria, zile zenye magurudumu makubwa ubavuni badala ya propela, hamkuzigusa hata kwa sentensi moja.

Mojawapo ni Medway Queen, iliyojengwa Troon, Scotland, mwaka 1924. Kazi yake ilikuwa kupeleka familia kutembea Southend na Herne Bay, miji ya pwani ya Uingereza, wakati wa kiangazi na kuzirudisha jioni. Vita vilipoanza 1939 ilifungwa mzinga, ikatumwa kusafisha mabomu ya baharini, maana tumbo lake halizami sana na hupita penye maji mafupi.

Ilikwenda Dunkirk mara 7, ikaokoa watu wapatao 7,000. Tena usiku! Sisi tuliokulia Pwani tunajua bahari inavyowaka gizani ukipiga kasia. Sasa fikirieni magurudumu mawili yakichapa maji hayo: meli inaacha mkia wa mwanga, rubani wa Kijerumani anaufuata tu. Mabaharia walining'iniza mifuko ya mafuta pande mbili za omo, yaani mbele ya meli, mafuta yakitona majini, ule mwanga ukafifia. Na huko chini mpishi alikuwa akihangaika kulisha mamia ya askari wenye njaa kwa jiko lililokusudiwa watu wachache.

Safari ya mwisho, bomu lilianguka karibu na manowari iliyokuwa gatini, likaisukuma ikaparamia gurudumu la kulia la Medway Queen. Ilijikokota hivyo hivyo hadi Dover, ikapokelewa kwa pongezi za Admirali Ramsay, aliyeongoza uokoaji huo.

Baada ya vita ilirudia abiria wake hadi 1963, kisha ikageuzwa ukumbi wa starehe, ikachakaa vibaya. Waliojitolea kuinusuru hawakuchoka. Bodi lake limeundwa upya Bristol, mabati yakiunganishwa kwa ribiti, zile pini za chuma zinazogongwa, kama zamani. Leo imefungwa gatini hapa Gillingham. Nimezipapasa ribiti hizo kwa mkono wangu, moja baada ya nyingine, nikiwa na mwanangu wa miaka tisa. Aliniuliza askari 7,000 walikaa wapi humo ndani. Sikuwa na jibu, kwa kuwa meli yenyewe ni ndogo mno.

Naomba toleo lijalo muitengee nafasi, japo safu moja yenye picha.

Msomaji wenu,
Gillingham, Kent, Uingereza