Risala ya klabu yetu ya urubani kwa mgeni rasmi: kifaa cha usalama kibaki cha usalama

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Kapteni. Mwenyekiti wa klabu. Walimu wetu wa urubani. Wazee wa jumuiya zetu hapa Houston. Wazazi, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha salama na kutufungulia anga leo, maana tangu Jumatano mvua ya radi ilikuwa haijatupa nafasi. Pili tunakushukuru wewe, Mama, kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi ndani ya banda hili la ndege lenye joto. Shikamoo. Kwa wengi wetu, mara ya kwanza kusikia sauti ya mwanamke ikitoka chumba cha rubani na kutukaribisha kwa Kiswahili, sauti hiyo ilikuwa yako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ina wanachama 19. Yupo muuguzi wa zamu ya usiku, wapo madereva wawili wa malori, mhasibu, wanafunzi wa chuo, na mzee wetu kutoka Bujumbura aliyepata leseni akiwa na miaka 61. Tunamiliki kwa hisa ndege moja, hii iliyo nyuma yangu, Cessna 172 ya mwaka 1975. Mwaka huu wenzetu watatu wamepata leseni ya rubani binafsi, na vyeti vyao utawakabidhi muda si mrefu. Hayo ndiyo mafanikio yetu na tunajivunia. Ila sehemu kubwa ya risala hii tumeiweka kwa jambo moja, kwa sababu tunajua ukirudi nyumbani Afrika Mashariki unaendelea na kazi ya kushauri juu ya kanuni za anga, na jambo hili sisi tumeliishi.

Ukiinama chini ya tumbo la ndege yetu utaona antena ndogo nyeupe, imesimama kama pezi la samaki, na rangi iliyoizunguka ni mpya kuliko ya ndege nzima. Hiyo ni ya ADS-B. Kifaa chake kinapata mahali kilipo kutoka kwenye setilaiti za GPS, kisha karibu kila sekunde kinatangaza hewani: mimi ni ndege fulani, niko hapa, kwenye kimo hiki, naelekea huku kwa kasi hii. Hakisubiri kuulizwa na rada, kinajisemea chenyewe. Tena matangazo hayo hayana kufuli. Waongoza ndege wanayasikia, marubani wenzetu wanayasikia, na mtu yeyote mwenye kipokezi cha bei nafuu na antena dirishani anayasikia vilevile.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, ilipitisha kanuni ya kifaa hiki Mei 2010, ikaanza kubana Januari 1, 2020. Haibani kila pembe ya nchi, lakini inabana kuzunguka viwanja vikubwa vyote, na hapa tulipo ni ndani ya maili 30 za baharini kutoka uwanja mkubwa wa kimataifa wa Houston. Zile ndege za zamani ambazo tangu kiwandani hazikuwa na mfumo wa umeme, kama Piper Cub, zimepewa nafuu. Sisi tulikuwa na mawili: kufunga, au ndege ikae bandani.

Tusieleweke vibaya, Mheshimiwa. Hatukuja kupinga kuonekana. Mwezi Agosti uliopita mwenyekiti wetu alikuwa akirudi jioni, jua likimpiga usoni, huoni mbele hata mkono wako. Kompyuta yake ndogo iliyofungwa gotini ikamwonyesha ndege nyingine ikija kutoka upande uleule wa jua, tofauti ya kimo futi 300. Akashuka, akageuza kulia, akaiona tumbo inampita. Aliposhuka hapa alikaa kwenye lile benchi bila kusema neno. Picha za mvua zinazorushwa bure kutoka ardhini kupitia mfumo huu nazo zimeturudisha nyuma zaidi ya mara moja tulipokuwa tumejipa moyo kwamba tutapita.

Na nani kati yetu amesahau Machi 5, 2024? Ndege ya abiria iliyotoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kuelekea Diani, pwani ya Kenya, na Cessna 172 ya mafunzo ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ile ya abiria ikarudi na kutua salama. Mwalimu na mwanafunzi waliokuwa kwenye Cessna walifariki wote wawili. Ndege kama hii hii yetu. Wapo humu ndani waliojifunza kuruka palepale Wilson, wakizunguka anga lilelile.

Pingamizi letu basi liko mahali pengine: kifaa tulicholazimishwa kukinunua kwa jina la usalama kinatumika kututoza na kutufuatilia.

Tuanze na bahasha hii niliyonayo mkononi. Mwaka jana mwanachama wetu alikwenda kiwanja kimoja cha jimbo jingine kufanya mazoezi ya kutua kwenye upepo wa ubavuni. Unajua, Mama, mazoezi hayo hayafanywi kwa kutua mara moja ukaondoka. Unagusa, unaongeza nguvu, unapaa, unazunguka, unarudi. Aligusa mara sita. Hakuegesha wala hakuzima injini. Baada ya wiki tatu bahasha ikaletwa kwenye sanduku letu la barua: ada ya kutua, mistari sita, kila mstari na saa yake, dakika na sekunde. Hakuna mtu aliyesimama kiwanjani na daftari. Aliyeandika ni kifaa chetu wenyewe, tulichokinunua kwa michango, kwa amri. Kampuni inayokusanya ada ilichukua matangazo yake hewani, ikatazama namba ya usajili, ikapata anwani yetu, ikatuma ankara.

Hatusemi viwanja visidai chochote. Kiwanja kina nyasi za kukata, taa za kubadilisha na lami ya kuziba nyufa, na anayeegesha au kununua mafuta anachangia. Tunachosema ni kwamba njia hii inaharibu usalama uleule uliotajwa wakati wa kutulazimisha. Tangu bahasha hii ifike, wanafunzi wetu wanahesabu. Mwalimu akisema bado hujanyoosha pua vizuri, turudie mara tatu, mwanafunzi anauliza kwanza hapa wanatoza au hawatozi. Kutua ndiko kunakomtesha mwanafunzi kuliko hatua nyingine yoyote, na ndiko anakopaswa kurudia hadi mikono izoee. Kisha kuna swichi. Kanuni inasema ndege iliyofungwa kifaa hiki ikiwashe wakati wote, na sisi tunaiheshimu. Lakini ukishamfundisha rubani kwamba kuonekana kunamgharimu, umemwonyesha faida ya kutoonekana. Hilo linatutisha, kwa sababu kifaa hiki kina maana pale tu kila mtu anapokiwasha. Mwaka 2025 mswada wa faragha ya marubani na ndege ulipelekwa kwenye Bunge la Marekani ili kuzuia matangazo haya yasitumike kudai ada, na vyama vya marubani vinauunga mkono. Sisi pia tumewaandikia wabunge wa jimbo letu.

La pili ni zito zaidi, na dada mwenyewe ametupa ruhusa tuliseme bila jina lake. Alikuwa na ndege ndogo aliyoimiliki kwa jina lake. Namba imeandikwa ubavuni, nayo sajili ya ndege ya Marekani kwa miaka yote ilikuwa wazi: unaingiza namba, unapata jina la mwenye ndege na anwani ya nyumbani. Kuna mwanamume ambaye dada huyu alikuwa ameachana naye na kumkimbia. Siku moja ya Jumamosi dada huyu aliruka peke yake hadi mji mdogo, hakumwambia mtu yeyote anakokwenda, akala chakula cha mchana, akarudi kiwanjani. Alimkuta yule mwanamume ameegemea uzio, simu mkononi, na kwenye kioo cha simu ile kuna ramani na mstari wa safari nzima, tangu aliponyanyua magurudumu asubuhi. Hakuruka tena kwa miezi minane. Ndege aliiuza. Sasa anaruka na yetu, kwa sababu yetu imesajiliwa kwa jina la klabu.

Mtu akisema kwamba magari nayo yana namba, tunamjibu kwamba namba ya gari haitangazi kila sekunde gari liko mtaa gani kwa mtu yeyote anayetaka kusikiliza.

FAA imejaribu kupunguza makali. Upo mpango wa mwenye ndege kuomba asionyeshwe kwenye tovuti zinazopokea data za FAA, ila tovuti inayokusanya kwa vipokezi vya watu binafsi haifungwi na ombi hilo. Upo mpango wa anwani ya muda ya kielektroniki, yaani ndege kutangaza namba ya muda isiyofungamana hadharani na mwenyewe, unaofanya kazi ndani ya anga la Marekani tu. Sheria ya Mei 2024 iliagiza wenye ndege binafsi waweze kuomba majina na anwani zao zifichwe kwenye sajili ya umma, na maombi yakaanza kupokewa Machi 2025. Tunashukuru kwa yote hayo. Lakini tazama miaka, Mheshimiwa: kanuni ilipita 2010, lazima ikaanza 2020, na anwani ya dada yetu ikapata pa kujificha 2025.

Juu ya gharama hatutakuchosha. Kifaa na kazi ya fundi vilitugharimu dola 4,300, na muuguzi wetu alichukua zamu za ziada ili sehemu yake itimie. FAA ilitoa nafuu ya dola 500 kwa ndege ndogo 20,000 kuanzia 2016, nasi tukabahatika kuipata. Wengine wamefanya kwa mkono mwepesi zaidi. Uingereza mwaka 2020 ilianza kumrudishia rubani nusu ya bei, isiyozidi pauni 250, kwa kumshawishi tu bila kumlazimisha. Australia ililipa nusu hadi dola zao 5,000. Umoja wa Ulaya uliweka lazima kwa ndege zinazozidi kilo 5,700 au zenye kasi inayozidi noti 250 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), kwa hiyo ndege kama hii yetu haikuguswa. Na huku Marekani kwenyewe, miaka ya mwanzo, katika mradi wa Capstone kule Bethel, Alaska, serikali ilifunga vifaa kwenye ndege za abiria za vijijini kwa fedha zake. Marubani wa kule walikipokea kwa mikono miwili.

Kuna moja linalotuuma tukilitafakari. Kanuni hii hii ilirekebishwa Julai 2019 ikaruhusu ndege za serikali kuzima kifaa katika baadhi ya kazi nyeti. Januari 29, 2025, usiku, ndege ya abiria na helikopta ya jeshi ziligongana juu ya mto Potomac, Washington. Watu 67 walikufa. Helikopta ile haikuwa ikirusha matangazo ya ADS-B. Hatudai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee, ajali haina sababu moja. Lakini mhasibu wetu akiruka Jumapili kwenda kula samaki Galveston anatakiwa atangaze kila sekunde, na anaona anayo haki ya kuuliza kwa nini mwenye helikopta hakutakiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni haya. Siku kanuni ya namna hii kwa ndege ndogo itakapofika mezani kwenu, tunaomba matumizi ya data yaandikwe ndani ya kanuni yenyewe, ukurasa uleule unaosema lazima: kuzuia migongano, kuongoza ndege na kumtafuta aliyepotea, basi. Ukiliacha hilo kwa baadaye, atakayelijaza ni mtoza ada. Tunaomba pia rubani wa ndege ndogo anayeruka kwa kutazama nje kwa macho apewe njia ya kutangaza mahali alipo bila kutangaza yeye ni nani. Hapa Marekani vifaa vya masafa ya megahezi 978 vinaruhusu hivyo, kwa hiyo hatuombi jambo lisilowezekana. Rubani mwenzangu anayekuja mbele yangu anahitaji kujua niko futi ngapi. Jina langu halimsaidii kunikwepa.

Gharama serikali ibebe sehemu yake, hata kama ni kwa kusamehe ushuru tu. Na kabla ya kulazimisha, mwende kuwasikiliza marubani wa Arusha, wa Wilson, wa viwanja vya vumbi ambako ndege inatua baada ya kuwafukuza pundamilia, na hakuna mnara wala rada, ni redio tu na macho. Wale wanajua kuonekana kuna thamani gani. Wakihakikishiwa kwamba kifaa hakitawageuka, tunaamini hamtahitaji kuwasukuma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndege imejazwa mafuta na upepo ni noti 6 kutoka kusini. Baada ya kukabidhi vyeti tunakuomba ukae kiti cha kulia, mmoja wa marubani wetu akurushe juu ya ghuba hadi Galveston na kukurudisha. Amechaguliwa kwa kura. Ni yule dada.

Naomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na wanachama wa klabu na kusomwa na Katibu.